Kidole Chini ya Mstari

Tangu darasa la tatu mimi ndiye macho ya mama.
Nilimsomea barua za mjomba kutoka Geita,
risiti za ushuru wa Mwaloni, kadi ya kliniki ya Lubango,
na mara moja, koo limenikauka,
barua ya mwanamke mwingine wa baba.
Alinikalisha juu ya gunia la dagaa, akasema:
"Weka kidole chini ya mstari, nikione kinatembea.
Usiniruke hata nukta."

Leo nimekalia benchi la Bugando, juu mlimani,
ziwa liko chini kule, limelala wazi
kama sufuria lililosahaulika mfuniko.
Karatasi moja. Neno moja, na mizizi yake imefika kwenye ini.
Kaka yangu Lubango amenishika kiwiko:
"Ukimwambia, umemuua kabla ya siku yake.
Sema ni vidonda vya tumbo. Sema aache pilipili.
Mimi nauza injini, tunampeleka Dar."

Injini ile inalisha watoto watatu
na mkopo ambao bado una meno.

Nikaingia wodini.
"Nisomee," akasema mama.

Nikasoma. Vidonda. Pilipili. Vidonge kutwa mara mbili.
Sauti ilininyooka hata mimi nikaiamini.
Nikamsomea uongo mwanamke aliyemfuata mteja hadi Buzuruga
kwa sababu kisado kilipungua kiganja kimoja,
aliyekataa kuchanganya mchanga kwenye dagaa
mwaka ule soko zima lilipochanganya,
tukala michembe miezi miwili
na hakuna aliyekuja kutupa pole.

"Imekwisha?"
"Imekwisha, mayu."
"Haya."

Usiku haukuwa na mwezi. Dirishani
taa za wavua dagaa zilikuwa zimetanda majini,
mji mwingine usio na barabara.
Kitanda cha tatu mtu alikohoa, akanyamaza.
Ndipo aliponiita kwa sauti ya chini:

"Ng'wanone, kidole chako hakikutembea."

Nikaziba mdomo kwa kanga yake. Ilinuka jua na samaki.
"Lia kesho, wagonjwa wamelala. Nitajie miezi."
Nikamtajia.
Alitulia kama anavyotulia akikadiria gunia kwa macho,
kisha akauliza injini inauzwa shilingi ngapi.
Nikamtajia na hiyo.
"Huko Dar wanaponya, au wanapoza?"
"Wanapoza."
"Basi mwambie kaka yako daktari amekataza safari."
"Daktari hajakataza, mama."
"Najua hajakataza."

Tukatazamana.
Ile taa ya nesi mlangoni ilikuwa inapepesa,
imeanza kufa tangu jioni, hakuna anayejali.

"Na asijue kwamba najua," akasema.
"Mwache anifiche. Kunifiche kunampa kazi ya mikono.
Akibaki mikono mitupu, yule mtoto atavunjika."

Nilitaka kumuuliza: na mimi?
Mimi unayenipa mchanga nichanganye,
uliyenichapa kwa ajili ya nukta moja niliyoiruka?
Lakini alikuwa amegeukia ukuta,
mgongo wake mdogo, mifupa inahesabika,
na sikujua kama amelala au ananipa nafasi.

Asubuhi Lubango amepanda ngazi mbili mbili,
ananuka petroli, bahasha ya kaki kwapani:
mnunuzi ametoa kishanzu.
Hajaketi. "Daktari anasemaje kuhusu safari?"

Mama anahesabu korongo juu ya mabati ya chini,
moja, mbili, kwa Kisukuma, kwa sauti,
kama mtu asiye na habari na mambo ya watu.

Nimekunjua karatasi.
Nimesimama upande wa pili wa kitanda,
asipoweza kuiona.
Kidole changu nimekiweka
pale palipobaki peupe,
na mama, bila kugeuka,
ameacha kuhesabu.